Lami Juu ya Kutu

Ukitoka Arusha mjini kuelekea Moshi, ukiipita Usa River utavuka mto mdogo wenye maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Jina la mahali hapo halihitaji mkalimani: ni Maji ya Chai. Hapo ndipo nilipozaliwa, ndipo nilipofundisha kwa miaka mingi, na ndipo nilipostaafia. Nyuma ya nyumba yangu, chini ya mparachichi, lipo gari la marehemu baba yangu, Land Rover 109 ya mwaka 1968. Tangu alipofariki mwaka 2009 lilikaa hapo chini ya turubai, kuku wakitagia kwenye benchi la nyuma, nami nikipita kando yake kila asubuhi bila kulitazama sana.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 niliamua kulifufua. Sitasimulia habari za injini, maana injini ya Land Rover ya zamani ni kitu kinachosamehe, na fundi mwenye akili huiwasha hata baada ya miaka. Nitasimulia jambo moja tu, ambalo wengi wataliona dogo: nini kipakwe chini ya gari na juu ya sakafu yake ili kutu isirudi. Nilitumia miezi minane kuamua. Wapo watu waliochagua mke kwa muda mfupi kuliko huo. Lakini nilikuwa na sababu yangu, na sababu hiyo sikuwa nimemweleza mtu yeyote, hata mke wangu.

Baba alilinunua gari hilo mwaka 1977. Wazee wa huku wanaukumbuka mwaka huo kwa kahawa. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazili mwezi Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani kote, na kwa muda mfupi mkulima wa Meru mwenye shamba dogo la mibuni na migomba aliweza kushika fedha ambazo hakuwahi kuziota. Baba alijenga vyumba viwili vya matofali, akalipa karo, na kilichobaki akanunua Land Rover iliyochoka kutoka shamba kubwa la kahawa. Rafiki zake walimcheka. Walitaka anunue Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, tena miaka miwili ya kwanza chini ya usukani wa Bert Shankland aliyekuwa mkazi wa nchi yetu. Baba aliwajibu kwamba yeye hashindani na mtu, anapeleka ndizi sokoni Tengeru.

Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na vipuri vikawa adimu. Kwa hiyo baba alijifunza kuyatunza yale aliyokuwa nayo. Kila mwezi Januari, jua likiwa kali, alitandika gunia chini ya gari, akalala chali, akakwangua matope yote yaliyoganda kwenye chesisi. Alikuwa na kipande cha waya alichokitumia kuzibua matundu madogo yaliyo chini ya chesisi, yale ambayo maji hutokea. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia kopo la rangi. Nilichoka haraka, na niliona ni upuuzi kupaka rangi mahali ambapo hakuna anayepaona.

Watu wengi husema Land Rover haishiki kutu. Usemi huo una nusu ya ukweli. Land Rover ya kwanza ilipotoka Uingereza mwaka 1948, vita vilikuwa vimeisha karibuni na chuma kilitolewa kwa mgawo, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Aluminiamu haili kutu nyekundu. Lakini chesisi, yaani mifupa inayobeba kila kitu, ni chuma: ni mabapa yaliyochomelewa yakawa kama maboksi marefu yenye uwazi ndani. Ukuta unaotenganisha injini na abiria nao ni chuma. Matope huingia ndani ya maboksi hayo, hukauka, hunywa tena maji mvua inyeshapo, na kubaki mbichi kwa wiki kadhaa baada ya barabara kukauka. Kutu ya Land Rover, basi, huanzia ndani ikija nje. Siku unapoiona kwa macho, ndani imeshamaliza kazi yake.

Na hata aluminiamu haiko salama kabisa. Pale inapogusana na chuma penye unyevu, hugeuka unga mweupe na kuliwa taratibu, kwa sababu metali mbili tofauti zikikutana majini moja lazima ipungue kwa ajili ya nyingine.

Sasa nije kwenye ile sababu yangu. Mwaka 1996 nilioa. Nilikuwa mwalimu kijana mwenye mshahara mdogo na majivuno makubwa, na nilitaka gari la baba liongoze msafara wa harusi. Baba alikubali, ila alinionya kwamba chesisi upande wa nyuma, pale springi inaposhikwa, imeanza kuoza. Ni lazima pakatwe na kuchomelewa chuma kipya. Alinipa fedha ya kazi hiyo, kisha akaenda kwa ndugu zake Machame kwa siku kumi. Nililipeleka gari kwa fundi mmoja mjini. Fundi yule aliingia chini, akatoka, akaniambia maneno yaleyale ya baba. Nikamwuliza itachukua siku ngapi. Akasema wiki nzima. Harusi ilikuwa Jumamosi, na siku ile ilikuwa Jumatano. Nikamwambia apake lami.

Akapaka. Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu leo. Alifanya kile nilichomlipa. Chini ya gari pakawa peusi, panang'aa kama kiatu cha askari. Fedha iliyobaki niliongeza kwenye suti. Baba aliporudi aliinama, akatazama, akauliza, "Amechomelea?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba."

Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa mwaka 1997 na kuendelea hadi mwaka mpya. Mwezi Januari 1998 baba alikuwa akirudi kutoka Ngarenanyuki na magunia ya vitunguu, dada yangu akiwa kiti cha pembeni. Kwenye korongo moja chesisi ilikatika palepale. Gari lilikaa upande, likateleza, likalala kwenye mfereji. Dada alitoka na michubuko ya mkono. Baba alivunjika mfupa wa paja, na tangu siku ile hadi anaingia kaburini alitembea na mkongojo.

Fundi aliyelitengeneza gari baada ya ajali alikikata kile kipande kilichooza na kuwarudishia wenye mali, kama mafundi waaminifu wafanyavyo. Baba alikiweka chini ya kiti, pamoja na jeki na spana. Upande mmoja kilikuwa na lami nzuri nyeusi, na upande wa pili kutu iliyobanduka kama maganda ya mti. Kila nilipochukua jeki nilikiona. Baba hakuniuliza kitu. Mimi nami sikusema kitu. Miaka kumi na moja ikapita hivyo, kisha akafariki.

Hivyo, msomaji, nilipomwita fundi mwaka 2024, sikuwa nanunua rangi tu.

Fundi niliyempata ni mtu wa Usa River ambaye nilimfundisha darasa la tano. Alinisalimu shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akachukua nyundo ndogo na kuanza kuigonga chesisi kidogokidogo kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hulia kama kengele ya shule. Kilichooza hutoa sauti butu, kama debe lililojaa pumba. Alitia alama ya chaki mahali kumi na saba. "Mwalimu," akasema, "hizi zote zikatwe kwanza. Habari ya kupaka tutaizungumza baadaye." Niliona aibu kidogo, maana ndiyo kauli niliyoikataa mwaka 1996.

Tulianza na dawa ya maskini, yaani oili chafu. Madereva wengi wa huku humwagia chesisi oili iliyotolewa kwenye injini. Ina sifa zake: haigharimu kitu, na hupenya kwenye nyufa ambazo brashi haifiki. Lakini mvua mbili tatu huiosha, huharibu raba za springi, na imebeba asidi na masizi ya injini. Zaidi ya hayo hudondoka. Kwetu mifereji hupita katikati ya migomba, na maji yale yanayopita chini ya gari langu ndiyo anayomwagilia jirani yangu mboga. Hiyo tuliiacha bila mjadala.

Ikafuata lami. Fundi hakuijua siri yangu, kwa hiyo aliizungumzia bila kuninyooshea kidole. Alisema lami si adui. Ikipakwa juu ya chuma safi kilichokwisha kupakwa rangi, huzuia kokoto na hupunguza kelele. Ubaya wake ni kwamba ikizeeka hukauka na kupasuka. Maji huingia kwenye ufa, husambaa nyuma ya lami, na hayana njia ya kutoka. Hapo ile iliyowekwa kuzuia maji ndiyo inayoyatunza. Chuma kisichopakwa kitu chochote angalau hukauka jua likitoka. Chuma kilicho chini ya lami iliyopasuka hakikauki kamwe. "Na ubaya mkubwa," akaongeza, "ni kwamba inaficha. Ukinunua gari lenye lami mpya chini, jiulize mwenyewe anauza nini."

Sikujibu. Nilikwenda kumletea chai.

Tuliijadili rangi nyekundu ya chuma, ile inayoitwa redoksaidi, ambayo kila mwenye geti huku ameipaka. Wengi huiamini kupita kiasi. Rangi hiyo ni ya kutangulia tu. Ina vitundu vidogo visivyoonekana, hunywa unyevu, na ikiachwa bila rangi ya juu yake kutu hurudi kabla ya masika ya pili.

Rangi yenye zinki ni jambo jingine. Ili kuielewa, tazama bati la nyumba yako. Bati ni chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyushwa. Ukilikwaruza, ule mkwaruzo hauoti kutu mara moja, kwa sababu zinki iliyo jirani hujitoa iliwe kwanza kuliko chuma. Huko Ulaya wapo wanaochovya chesisi nzima katika zinki yenye joto la nyuzi 450 hivi. Mimi sikuwa na uwezo huo. Lakini rangi iliyojaa unga wa zinki hufanya kazi ya namna hiyohiyo, kwa sharti moja: iguse chuma kitupu kabisa. Ikipakwa juu ya kutu au juu ya rangi ya zamani, haina faida kuliko rangi nyingine yoyote.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni dawa ya kugeuza kutu. Kwenye mashimo madogo ambapo msasa haufiki, kutu kidogo hubaki hata ufanyeje. Ipo dawa ya majimaji yenye tanini, ambayo huungana na kutu hiyo na kuifanya kitu kingine, cheusi na kigumu, kisichoendelea kula chuma. Na tanini ni nini? Ni ile inayoukaza ulimi ukinywa chai kavu. Imo ndani ya majani ya chai, imo ndani ya magome ya miwati yanayokamuliwa Njombe kwa ajili ya kulainishia ngozi. Nilifanya jaribio kama nilivyokuwa nikiwafanyia wanafunzi: nilitumbukiza msumari wenye kutu ndani ya kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, nikauacha usiku kucha. Asubuhi chai ilikuwa nyeusi kama wino. Fundi alicheka, akasema sisi wa Maji ya Chai tulikuwa na dawa jikoni. Lakini alinionya kwamba dawa hiyo ni ya kutu nyembamba iliyoshikamana na chuma, si ya magamba. Magamba ni ya kukwangua.

Baada ya hapo kuna epoksi, rangi ya makopo mawili yanayochanganywa wakati wa kupaka. Hushika chuma kama gundi, na haipitishi maji kirahisi. Udhaifu wake ni jua, ambalo huifanya itoe vumbi kama chaki. Ila chini ya gari jua halifiki. Bei ya kopo moja lake ingeninunulia lami ya magari matatu. Tena inataka chuma kikavu kabisa. Masika yetu huanza Machi hadi Mei, na Juni na Julai wingu la Meru hushuka hadi kwenye migomba na kunyunyiza siku nzima. Kupaka wakati huo ni kufungia unyevu ndani. Kwa hiyo tulikata, tukachomelea, tukakwangua, kisha tukangoja Septemba.

Wakati wa kungoja nilipata nafasi ya kufikiri. Mimi, kama wengi tuliokulia huku, nina meno yenye madoa ya kahawia. Nilipokuwa kijana niliyasugua kwa mkaa, kwa majivu, kwa kila dawa iliyouzwa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba maji ya mlima wetu, uliotokana na volkano, yana floraidi nyingi mno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja, nasi tulikunywa maji yanayozidi kiwango hicho mara nyingi. Doa la floraidi haliji juu ya jino. Huingia mtoto angali mdogo, jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, na likishatoka hakuna mswaki unaoliondoa. Ndiyo maana pale Ngurdoto kipo kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwa mifupa iliyochomwa: maji hutengenezwa kabla hayajafika kinywani mwa mtoto. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo darasani mara nyingi. Sikuwahi kuliweka pamoja na lile la chesisi.

Ndani ya gari maamuzi yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Siku hizi kuna mpako mzito wa poliyurethani, ule wanaopulizia kwenye bodi za pikapu. Ukikauka huwa kama ngozi ya kiboko. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu huyohuyo, ambaye ni dereva wa watalii, aliutaka sana. Huzuia mikwaruzo, hupunguza joto na kelele. Lakini mvuke wake wakati wa kupulizia ni hatari kwa mapafu, na hautakiwi kupuliziwa bila kinyago maalumu cha hewa, ambacho fundi wetu hakuwa nacho. Pia ukishashika hautoki. Maji yakipata njia chini yake, hutajua mpaka mguu wako uzame. Wengine hubandika sakafuni vitambaa vizito vya kuzuia kelele. Hivyo navyo hunywa maji kama sifongo.

Niliamua hivi. Sakafu, ambayo ni aluminiamu, ikwaruzwe kwa msasa mwepesi, ipakwe rangi ya kutangulia inayofaa aluminiamu, maana rangi ya kawaida hubanduka, kisha rangi ngumu ya kawaida. Kila aluminiamu inapokutana na chuma pawekwe rangi pande zote mbili na ukanda wa raba katikati. Sehemu za chuma za miguuni zipate zinki na epoksi. Juu yake mikeka ya raba isiyogundishwa, inayoweza kunyanyuliwa na mtoto. Kelele zitakuwepo. Baba aliendesha na kelele zile miaka mingi na hakuwa kiziwi.

Kwa chesisi niliamua: zinki kwenye chuma kitupu, epoksi tabaka mbili juu yake, na ndani ya maboksi, ambako brashi haifiki, nta. Nta hii hupulizwa kwa mpira mwembamba unaoingizwa kwenye matundu. Haikauki ikawa ngumu. Hubaki laini, hutambaa, na ikikwaruzwa hujifunga yenyewe. Lakini haidumu milele. Baada ya miaka michache lazima irudiwe. Lami nilisema isipakwe hata tone.

Hapo ndipo tulipogombana na mpwa wangu. Habari zilikuwa zimevuma kwamba mwezi Oktoba Land Rover zingekusanywa Arusha kutoka kila pembe, na alitaka gari la babu yake liwemo. Alipoona kazi inakwenda polepole alinijia jioni moja.

"Mjomba, tupige lami tu tuunganishe bodi. Nani atalala chini atazame?"

Maneno yale yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa yangu. Nilinyanyuka, nikaenda kwenye sanduku la spana, nikamletea kile kipande cha chesisi. Nikamweleza kila kitu: harusi, suti, lami, swali la baba na jibu langu. Alikigeuzageuza mkononi bila kusema. Mwishowe aliuliza, "Mama anajua?" Nikamwambia sijui.

Kesho yake nilikwenda kwa dada yangu Kikatiti. Nilimsimulia akiwa anachambua maharage, na hakuacha kuchambua. Nilipomaliza alisema, "Kaka, fundi alikileta kile kipande hospitalini. Mimi nilikuwepo. Baba alikikwangua kwa ukucha, lami ikabanduka, akatazama kutu. Akaniambia kikawekwe kwenye gari, na nisikuulize neno. Alisema ukitaka kusema utasema mwenyewe."

Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba baba alikiweka pale ili kunihukumu. Kumbe alikuwa ananingoja. Na mimi nilidhani kwa kuwa haulizi, jambo limekwisha. Nililia mbele ya mdogo wangu, mzee mzima, na yeye akanipa ungo nimsaidie kuchambua.

Oktoba 2024 mimi na mpwa wangu tulikwenda Arusha kwa daladala kutazama Land Rover za watu wengine. Zilizidi elfu moja, za kila rangi na kila umri, vumbi na honi hadi masikio yakauma. Nilimwona akiinama mara mbili tatu kuchungulia chini ya magari yaliyoegeshwa. "Hili lina lami mpya, mjomba," aliniambia kwenye moja. Tukacheka.

Gari letu lilikamilika Januari 2025. Halina uzuri wa kupigia picha. Ukilala chini utaona chesisi ya kijivu, viraka kumi na saba vilivyochomelewa wazi, na matundu ya maji yote yamezibuliwa. Niliikataza rangi nzito isije ikaviziba viraka, maana nataka kila ajaye ajue palipooza na palipotengenezwa. Nimeanzisha daftari la shule ambamo naandika tarehe ya kila kazi: nta lini, zinki lini, tone la kutu limeonekana wapi. Daftari hilo nimeliweka chini ya kiti, pamoja na kipande kile.

Vijana huniuliza ni mpako gani ulio bora. Nawajibu kama fundi alivyonijibu: mpako bora ni ule uliopakwa juu ya chuma safi, usiozuia maji kutoka, na unaokuruhusu kuona kilicho chini yake. Kisha nawaambia watafute gunia, walale chali kila Januari. Hakuna kopo linalouzwa dukani litakalofanya kazi hiyo kwa niaba yao.

Na kama yupo mzazi, au mke, au ndugu ambaye aliwahi kukuuliza "Amechomelea?" nawe ukamjibu ndiyo, usingoje akuulize mara ya pili. Mimi wangu hakuuliza tena.